Bati Lililonyamaza

"Jirani, hebu nieleze: mbona hizi betri mnazozikataa hazifi?"

Katabaro aliuliza swali hilo Jumapili moja, watu wakitawanyika kutoka kanisani, na aliliuliza kwa kuchekesha kama ilivyokuwa kawaida yake. Alikuwa fundi redio na mfugaji wa kuku, mtu asiyeweza kukaa na neno mdomoni, na nyumba yake ilipakana na ya Kokuhirwa kwa ua wa michongoma. Chumba chake cha kutotoleshea vifaranga kilipata joto kutoka kwa betri kumi na moja za karakana ya utando, zote zikiwa na alama nyekundu ya kukataliwa. Akaongeza, "Mimi nilipokataliwa na binti wa Rugambage nilikonda hadi suruali ikawa inanivuka. Hizi mmezikataa mwaka wa tatu sasa, zinazidi kunenepa."

Waliokuwa karibu walicheka. Kokuhirwa naye akacheka, akamjibu kwamba huenda zinaona haya kufa mbele ya kuku, akaaga, akaenda zake kumenya ndizi. Katikati ya kumenya akagundua kwamba kisu kimesimama. Alikuwa amekaa na ndizi mkononi, nusu imemenywa, utomvu unamkaukia vidoleni, naye anahesabu. Betri kumi na moja. Mwaka wa tatu. Na haikufa hata moja.

Aliyezikataa ni yeye.

*

Kazi yake iliitwa usikilizaji, na katika mkoa mzima walioifanya walikuwa wanne tu. Marehemu mumewe, Festo, alichimba bati katika kilima kile kile kabla karakana haijajengwa, na ndiye aliyemfundisha kukunja kipande cha bati karibu na sikio. Bati safi likikunjwa hulia, mlio mwembamba wa kukwaruza, kama mtu anayetafuna mchanga chumba cha pili. Wachimbaji walitumia mlio huo kutenga bati halisi na risasi ya walaghai. Festo alipofariki, miaka tisa iliyopita, alimwachia mkewe shamba la migomba, madeni ya hapa na pale ambayo yalikwisha lipwa, na sikio hilo.

Injinia Alinda alipokuja kutafuta watu wa kusikiliza, aliwapima watu mia mbili na arobaini, wenye digrii wakiwemo. Aliwavalisha visikilizio, akawauliza wanasikia nini. Wengi walisema wanasikia upepo. Kokuhirwa, elimu yake darasa la saba, rozari mfukoni, alisema, "Kuna tatu zinalia. Ya nne inataka kulia." Akaajiriwa siku ile ile.

Utando wenyewe ulikuwa bati lililopuliziwa juu ya karatasi ya shaba, ndani ya mtungi ulionyonywa hewa yote, likalala jembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Betri ikichajiwa, chembe za madini ya lithi huingia ndani ya bati, nalo huvimba kama haragwe lililolowekwa, karibu mara tatu ya lilivyokuwa. Betri ikitumika, lithi hutoka na bati husinyaa. Kuvimba na kusinyaa, kila siku mara mbili. Kwa miaka mingi mafundi wa dunia nzima waliliogopa bati kwa sababu hiyo, maana lilipasuka. Alinda akaja na dawa yake: akalifanya jembamba zaidi, akaweka chini yake tabaka laini la kulishikia, na mapasuko yakapungua. Yaliyobaki, kazi ya kuyanasa ilikuwa ya Kokuhirwa.

Kanuni ilibandikwa ukutani juu ya meza yake. Utando unaolia ndani ya siku tatu za kwanza za kuchajiwa unakataliwa. Unaonyamaza unakwenda kwenye mtihani wa siku thelathini, ambao huuzungusha utando kwa haraka hivi kwamba siku moja ya mezani ni sawa na siku kumi za maisha ya mtu. Ukivuka mtihani, unafungwa ndani ya kopo dogo bapa, na msikilizaji anagonga muhuri wa kijani. Kisha kopo linawekwa chini ya ngozi ya mtu, kwenye mtulinga, kuendesha pampu inayosaidia moyo wake.

Kanuni ile aliiandika Alinda. Aliitekeleza Kokuhirwa, utando kwa utando, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kugonga muhuri akiwa amekasirika wala akiwa na haraka. Kila muhuri aliutangulizia ishara ya msalaba. Wenzake walikwisha zoea.

*

Jumatatu asubuhi alipokuwa akienda kazini alimkuta Mwalimu Adelina amekaa kibarazani kwake, kitambaa cha kuchajia kimemlalia begani, anasahihisha madaftari. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yao, watu wa utando: saa moja asubuhi na saa moja jioni walivaa kitambaa, kikapeleka umeme ndani kupitia ngozi bila waya wala jeraha, na baada ya dakika arobaini walikivua wakaendelea na siku. Adelina alikuwa na miaka thelathini na mbili. Moyo wake uliharibiwa utotoni na homa ya koo, kama ya wengi wa huko. Miezi mitano iliyopita alikuwa mtu wa sanduku, yaani alitembea na betri nzito kiunoni na kebo iliyopenya tumboni, mahali palipooshwa dawa kila siku na bado pakatoa usaha.

"Shikamoo mama. Umelala salama?"

"Marahaba mwanangu. Nimelala salama."

Hakuwa amelala. Alimtazama Adelina begani muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akaendelea na njia.

Karakanani kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeitilia shaka, kwa kuwa ilikuwa desturi ya ukarimu. Betri zilizokataliwa hazikutupwa. Kila Ijumaa wafanyakazi waliruhusiwa kwenda nazo nyumbani, nao waligawa kwa jirani, kwa shemeji, kwa kwaya, kwa mwenye duka. Hivyo zile nzuri zote zilikwenda vifuani, ambako hakuna sikio lililozifuata, na zile mbaya zote zikabaki vijijini zikiwasha taa na kupasha joto vifaranga, na hakuna aliyeziuliza hali. Hata mbuzi wa majaribio walikaa na utando ulionyamaza miezi sita tu, kisha betri zikafunguliwa, zikaonekana nzima, watu wakapongezana. Katika karakana yote haukuwepo utando mmoja ulionyamaza ambao sikio limeufuata zaidi ya mwaka. Kokuhirwa alikaa na jambo hilo asubuhi nzima, visikilizio masikioni, na alipokuja kuandika ripoti yake ya mchana mkono ulikuwa mzito.

Juma lile alipita nyumba hadi nyumba baada ya kazi, na daftari la mistari mkononi. Alipoulizwa anatafuta nini alisema anahesabu. Wengine walificha betri zao, wakidhani zinarudishwa. Mama mmoja aliitoa yake chini ya kitanda cha mtoto, ikiwa imefungwa kwa kanga, akamsihi asiichukue. Siku ya sita alikuwa amekwisha ziona betri sitini na nne zenye alama nyekundu. Mbili tu zilikuwa zimekufa. Moja iliingiwa na maji ya mvua, na nyingine ilitafunwa na nguruwe.

Alizipitisha mezani kwake sita, moja moja, zikasikilizwa. Zilikuwa kimya. Si kimya kile cha utando mpya, ambacho yeye alikijua kama kimya cha mtu anayezuia pumzi. Hiki kilikuwa kimya cha kukaa.

*

Sasa, ilikuwapo betri moja ambayo haikuwa ya huku wala ya kule. Mnamo Februari mfungaji wa makopo aliangusha moja sakafuni. Kopo likabonyea upande, na kopo lililobonyea haliingii mwilini. Lakini utando uliokuwamo ndani ulikuwa umenyamaza siku zote tatu na kuvuka mtihani wa siku thelathini. Kokuhirwa aliiomba stoo, akasema ni ya mazoezi ya masikio, na huo haukuwa uongo. Aliirudisha mezani, akaacha mashine iendelee kuizungusha pale ilipoishia. Siku ya thelathini na moja. Ya thelathini na mbili. Ilikuwa Kwaresima, na yeye alikuwa akifunga, na kila adhuhuri, wenzake wakienda kula, alikaa mbele ya betri ile na visikilizio.

Siku ya arobaini na moja alisikia.

Haukuwa mlio wa kupasuka. Mpasuko una mwanzo na mwisho, tik, basi. Huu ulikuwa mburuto laini, mrefu, kama mtu anayebandua karatasi iliyogandia mezani, polepole, asitake aliye chumbani asikie. Ulikuja kila bati lilipovimba, ukanyamaza, ukarudi. Siku ya arobaini na saba betri ikazimika ghafla kama taa. Alimwomba fundi wa maabara aifungue. Utando ulikuwa mzima, unang'aa, hauna ufa hata mmoja, ila ulikuwa haushiki chochote tena. Ulitoka juu ya shaba wote kwa mara moja, kama ukoko wa uji unavyoachia sufuria.

Kisha akafungua moja ya zile nyekundu, ya Katabaro, aliyobadilishana naye kwa gogo la kuni kavu na maneno mengi. Chini ya darubini bati lake lilikuwa limepasuka vipande vipande, vidogo, kama tope la bwawani wakati wa kiangazi. Na kila kipande kilikuwa kimeshika shaba yake chini, kina nafasi pembeni ya kuvimbia. Vililia siku tatu za kwanza vikiachana, kisha kila kimoja kikapata mahali pake.

Kokuhirwa alivua miwani. Aliwaza watu sitini na tatu. Majina yao yalikuwa kwenye rejista, na mbele ya kila jina ulikuwa muhuri wa kijani na sahihi yake ya mwandiko wa shule ya msingi. Mtu wa kwanza katika orodha aliwekewa betri yake miezi kumi na nne iliyopita, miezi minne kabla ya wengine wote, kwa sababu alikataa mwingine yeyote aanze kabla yake. Ukigawa siku zake kwa kumi ilikuwa ni siku ya arobaini na mbili.

Jina hilo lilikuwa Alinda.

*

Gari la hospitali ya moyo lilikuwa likija Alhamisi saa tatu kuchukua betri ishirini. Kokuhirwa alifika saa kumi na mbili na nusu, akasali, akapanga meza. Alinda alimkuta hapo saa moja, kitambaa cha kuchajia tayari begani chini ya koti jeupe, kikombe cha kahawa mkononi, na orodha ya watu ishirini kwapani. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na minane, mwenye kasi, na mwenye tabia ya kuanza kuzungumza kabla hajafika. Aliamkia, akauliza mihuri iko wapi.

"Sijagonga."

"Ngapi hujagonga?"

"Zote."

Alinda aliweka kikombe chini. Kokuhirwa akamsimulia, tangu swali la Katabaro hadi tope la bwawani, bila kuruka na bila kuharakisha, akimwonyesha daftari, kisha picha za darubini, kisha betri iliyobonyea. Alinda alimsikiliza vizuri mwanzoni. Simulizi lilipofika kwenye siku ya arobaini na saba, Alinda alianza kutikisa kichwa.

Alisema utando ulioanguka sakafuni si ushahidi. Alisema hata angekuwa mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza, angemrudishia kazi hiyo. Mama ana betri moja, iliyogongwa, na anataka kuitumia kuwahukumu watu sitini na tatu. Kuhusu zile za vijijini, taa ya kuku si moyo wa mtu, haiombi umeme kwa namna moja. Kokuhirwa alikubali yote hayo. Alisema ndiyo sababu amesubiri, na ndiyo sababu amezitafuta sitini na nne badala ya kumi na moja.

Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amekusudia kulisema. Siku ya mazishi ya Festo yeye hakulia. Watu walimsifu, padri akamsifu, wakasema huyu ana imani. Dada zake Festo waligaagaa chini hadi sauti zikakauka, na siku ya nne walikuwa jikoni wanapika na kutaniana. Yeye alitulia vizuri sana, na siku ya arobaini wakamwokota shambani, hajui jina lake, akakaa hospitali miezi miwili.

"Bati si mjane, mama," Alinda alisema.

"Sijasema ni mjane. Nasema mimi, kati ya watu wote, ningepaswa kujiuliza mapema kile kimya ni kimya gani. Sikujiuliza. Nimegonga mihuri sitini na mitatu."

"Umegonga kwa kanuni yangu."

"Kwa mkono wangu."

Alinda alivuta kiti, akakaa, akajaribu njia nyingine, na sauti yake sasa ilikuwa ya upole, jambo lililomtia Kokuhirwa hofu zaidi. Alimwekea orodha mbele. Watu ishirini. Wote ni wa sanduku, wote wanaanza kufunga usiku wa leo, kesho wanapasuliwa. Tukichukua zile zinazolia, mwanzo wake ni leo, na hata tukizianzishia mtihani sasa hivi ni siku thelathini. Na wawili kati yao, alisema, akiweka kidole kwenye karatasi, kebo zao zimeshika usaha hadi ndani. Hao hawana siku thelathini. "Unataka nikawaambie nini? Kwamba mama mmoja amesikia karatasi ikibanduka?"

"Nawajua. Projesti na Anajoyce. Nimewaombea kwa majina tangu orodha ilipotoka."

"Basi ongeza na muhuri."

"Hao wawili nitawagongea," Kokuhirwa alisema.

Alinda alinyanyua macho.

Kokuhirwa alikuwa amelifikiria hilo siku tatu, na alilieleza kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Projesti na Anajoyce wapewe utando ulionyamaza, kwa sababu bila huo watakufa mwezi huu, na kwa huo wana karibu mwaka mzima. Lakini waambiwe ukweli kabla ya kisu: kwamba ni wa siku mia tatu, basi, na tarehe ya kubadilishiwa iandikwe kwenye kadi zao leo. Kumi na wanane wabaki na masanduku yao siku thelathini, waoshwe kebo kila siku, naye yuko tayari kwenda kuwaosha. Na wale sitini na wawili walioko majumbani waitwe mmoja mmoja, kwa mpangilio wa tarehe zao, mwenye siku nyingi kwanza.

"Katika hao kumi na wanane, mmoja anaweza kuharibikiwa," Alinda alisema. "Labda wawili. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na wale sitini na wawili ukiwapasua mara ya pili, yupo ambaye hataamka."

"Nalijua hilo pia, mwanangu. Nimelipigia magoti. Halijawa jepesi."

"Na wakishajua tumekosea miaka mitatu, nani atakubali tena kitu chetu kifuani? Hata hicho kinacholia, hicho chako kizuri, nani atakikubali? Tutakuwa tumegundua utando wa kuishi miaka kumi, na hakuna mtu wa kumwekea." Alikuwa amesimama tena. "Nipe mwezi mmoja. Gonga ishirini hizi, na mimi nipe mwezi nithibitishe kimya kimya. Nikiona ni kweli, nitawaita wote mwenyewe."

Kokuhirwa aliutazama muhuri. Ulikuwa mdogo, mpini wake wa mti umelainika kwa mkono wake. Hakuna mtu aliyekuwa akimshika. Angeweza kuugonga mara ishirini na kufika nyumbani kwa chai. Alinda alikuwa na akili kumshinda mara mia, na alikuwa ameujenga mradi huu kwa mwili wake mwenyewe, na mwezi mmoja si kitu kwa mtu aliyewekewa juzi.

Ila si wote waliowekewa juzi.

"Mwezi huo unao?" akamuuliza.

Alinda aliinamia orodha.

"Nimetaja sitini na wawili, hukuniuliza wa sitini na tatu yuko wapi."

"Mimi niko sawa. Nilipimwa wiki iliyopita. Umeme unatoka vizuri kabisa."

"Na wa ile iliyobonyea ulitoka vizuri hadi saa ya mwisho. Nimekuandikia namba zake humo." Kokuhirwa alivuta kiti cha pili, akakiweka karibu na chake, akachukua kisikizi, kile kidude kidogo cha mviringo alichokibandika chini ya kila utando kwa miaka mitatu, akakifuta kwa spiriti. "Uko kwenye chaji sasa. Bati linavimba sasa hivi. Fungua kifungo."

Alinda alibaki amesimama. Nje, mlinzi alikuwa akizungumza na mtu getini. Gari lilikuwa limewahi. Alitazama dirishani, akatazama orodha, akasema kwamba kifua cha mtu kina kelele nyingi, kuna pampu, kuna mapafu, kuna matumbo, hakuna awezaye kusikia kitu hapo. Kokuhirwa akasema huenda. Alisema kama hatasikia kitu, atagonga zote ishirini mbele yake, na dhambi itakuwa yake mwenyewe.

Alisema hivyo ilhali alijua hatagonga, na alijua pia kwamba huo ulikuwa uongo, wa kwanza aliomwambia Alinda, na akauweka kando kwa ajili ya kitubio.

Alinda akaketi. Akafungua kifungo cha juu, kisha cha pili. Kovu lilikuwa jembamba na safi, na chini yake kopo lilichomoza kidogo. Kokuhirwa akabandika kisikizi juu yake, akavaa visikilizio, akafumba macho.

Kwanza ilikuwa pampu, ikivuma kama jokofu la jirani. Akaisubiri hadi akaizoea na kuiacha nyuma. Kisha pumzi, zinakwenda na kurudi, za haraka kuliko ambavyo Alinda angependa zijulikane. Nazo akaziacha. Akashuka chini zaidi, kama alivyofundishwa na Festo kando ya shimo la bati, asitafute kitu, akae tu kiwe na nafasi ya kuja.

Kikaja.

 Alivua visikilizio, akamvalisha Alinda mwenyewe, akimwekea vizuri sikio la kushoto kisha la kulia, kama mtu anayemfunga mtoto kilemba. Akamshika mkono. Alinda alikunja uso, akisikiliza kwa bidii. Dakika ya kwanza hakukuwa na badiliko. Ya pili vidole vyake vikakaza ndani ya kiganja cha Kokuhirwa, vikalegea, vikakaza tena, kwa mpangilio, na Kokuhirwa alijua anafuatisha nini.

Hapakuwa na haja ya kumweleza. Yeye ndiye aliyeutengeneza utando ule.

Baada ya muda alivua visikilizio, akaviweka mezani kwa uangalifu, waya umekunjwa. Uso wake ulikuwa umetulia, na safari hii Kokuhirwa hakuridhika na utulivu huo, akaendelea kumtazama.

"Ile yako," Alinda alisema, "tangu ilipoanza hivi. Iliishi siku ngapi?"

"Sita za mezani. Yako sijui ilianza lini."

Alinda aliitikia kwa kichwa taratibu, akiikubali hesabu. Akachukua kalamu. Kwenye orodha ya watu ishirini akachora duara kwenye jina la Projesti na jina la Anajoyce, kando ya kila moja akaandika siku mia tatu, na majina ya wale kumi na wanane akayakata kwa mstari. Kisha akafungua rejista ya muhuri wa kijani ukurasa wa kwanza na kuandika juu, kwa herufi kubwa, WAITWE WOTE, akatia sahihi. Chini ya sahihi aliacha nafasi. Kokuhirwa akatia yake hapo, mwandiko wake wa shule ya msingi, na hakuharakisha. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akagonga muhuri kwenye makopo mawili, la Projesti na la Anajoyce.

Mwishowe Alinda aliinuka, akaenda kwenye ubao wa ukutani, akaibandua ile kanuni. Alitazama upande wa nyuma wa karatasi, uliokuwa mtupu, akaigeuza, akaandika mistari miwili, akairudisha. Utando unaolia siku tatu na kutulia, upelekwe kwenye mtihani. Unaonyamaza, ukataliwe.

Honi ikalia nje, mara moja, ya heshima. Kokuhirwa alitaka kumwambia kitu. Alitaka kumwambia kwamba ataosha kebo za wale kumi na wanane, kwamba ataanza simu za majumbani asubuhi hii hii, kwamba jina la kwanza la sala zake limekwisha badilika. Lakini Alinda alikuwa anafunga vifungo vyake, cha pili, kisha cha juu, na hakuwa anatazama upande wake. Alichukua yale makopo mawili yaliyogongwa muhuri, akayaweka kwenye mfuko wa koti. Akainua mkoba wake.

Kupitia dirishani Kokuhirwa alimwona dereva wa hospitali akishuka na kumfungulia Alinda mlango wa mbele, kama siku zote, akiwa na kitabu cha kupokelea mzigo mkononi. Alinda akampa yale makopo mawili, akampita, akazunguka nyuma ya gari, akaufungua mwenyewe mlango wa wagonjwa, akapanda.